Mwombe Akufundishe: Namna ya Kuzungumza na Mzee Aliyefanya Kazi ya Reli

Katika familia nyingi za Tabora, Morogoro, Tanga, Voi na Nakuru kuna mzee aliyekula mshahara wa reli. Watoto wake wanajua alikuwa mtu wa reli, basi. Wanajua alikuwa mkali wa saa, hakuwahi kuchelewa msibani wala harusini, na kwamba kiwanja cha nyumba kilinunuliwa kwa kiinua mgongo. Waulize alifanya nini hasa tangu anaingia zamu mpaka anatoka, watatazamana. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe ambaye mzee wako bado yupo na bado ana nguvu za kukaa kitako akazungumza.

Shauri langu kubwa ni moja, na mengi yatakayofuata yanatoka hapo: usimwombe akusimulie maisha yake, mwombe akufundishe kazi yake. Mzee anayeambiwa "hebu tueleze maisha yako" hukupa muhtasari. Alizaliwa lini, akaajiriwa lini, akastaafu lini, Mungu ni mwema. Ni jibu la heshima kwa swali pana mno. Mzee huyo huyo ukimwambia, "Babu, nifundishe kuwasha boila iliyolala baridi," mgongo unanyooka. Sasa yeye ni fundi na wewe ni mwanagenzi, na fundi hamwachi mwanagenzi na nusu ya kazi. Atakueleza mpaka uelewe, na humo humo kwenye maelezo yatatoka majina ya watu, ugomvi, hofu ya usiku fulani na vicheko, bila wewe kuviuliza.

Piga hesabu kabla hujakaa naye

Anza na umri. Mzee wa miaka 80 hivi leo alizaliwa katikati ya miaka ya 1940. Kama aliingia reli akiwa kijana, aliingia miaka ya 1960, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, lililoundwa mwaka 1948 na kuwa na makao makuu Nairobi. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli, kila upande ukapata shirika lake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na kila nchi ikabaki na reli yake. Tanzania likazaliwa Shirika la Reli Tanzania, TRC, na mwaka uliofuata Kenya ikaunda Kenya Railways. Mtu mmoja, katika karakana ile ile, aliweza kubadilishiwa mwajiri mara mbili bila kuhamisha sanduku lake la spana. Ukimwuliza mambo ya TRC ya mwaka 1966, atagundua papo hapo kwamba hujui kitu, na ataanza kukurahisishia mambo. Mzee akishaanza kukurahisishia, umekwisha kupoteza nusu ya ulichokuja kukitafuta.

Pili, jua njia yake. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, mwendo wa takriban kilomita 1,250. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928. Upande wa Kenya, reli ilianza kujengwa Mombasa 1896 na kufika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Hizi ni tarehe za kukaa kichwani mwako tu, usimsomee. Kinachosaidia zaidi ni orodha ya stesheni. Jina la stesheni ndogo ambayo vijana hawaijui hufungua mdomo wa mzee kuliko mwaka wowote. Taja Gulwe. Taja Kidete. Kati ya Kilosa na Gulwe reli imefuatana na Mto Mkondoa, na mafuriko yameikata mara nyingi. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliifunga kwa miezi. Mtu aliyefanya kazi katika genge la njia huko anajua ni kalvati lipi lilianza kunung'unika kabla ya mvua kubwa, na elimu hiyo haimo katika kitabu chochote. Kama mzee wako ni wa upande wa Nakuru na Eldoret, taja Timboroa, ambako reli hupanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha nyamaza usikie atakavyoielezea baridi ya usiku.

Tatu, usichanganye reli mbili. Kama mzee wako ni wa TAZARA, hadithi ni nyingine kabisa. Ile ilijengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Upana wa njia yake ni milimita 1,067, na Reli ya Kati ni 1,000, ndiyo maana mizigo inayotoka njia moja kwenda nyingine huhamishwa Kidatu. Wazee wa TAZARA wa zamani walijifunza kazi kwa Wachina, wengine wakiwa porini kati ya Mlimba na Makambako, sehemu ngumu kuliko zote, yenye mahandaki na madaraja mfululizo. Wengine walipelekwa Beijing kusomea reli. Muulize alifundishwaje na mwalimu ambaye hawakuwa na lugha moja. Muulize mwalimu huyo alimwonyeshaje kwa mikono. Mwanahistoria Jamie Monson alipoandika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu TAZARA alitegemea sana masimulizi ya wafanyakazi wenyewe na ya watu waliokaa kando ya reli, na hilo likupe moyo: anayoyasema mzee wako barazani ni historia inayostahili kuandikwa.

Kisha, jua kazi yake ilikuwa ipi. "Reli" peke yake haitoshi. Dereva na mchochea moto walikaa pamoja kwenye injini moja na bado walikuwa na dunia mbili. Gadi alikaa mkiani mwa treni na kuiona safari kinyumenyume. Stesheni masta aliishi na simu na saa. Fundi wa boila hakusafiri popote, alikuwa ndani ya chuma mchana kutwa. Genge la njia, na nyapara wao, walitembea kwa miguu kila siku wakigonga mataruma na kurudisha kokoto mahali pake. Mwulize mama au shangazi kwanza, upate jina la cheo.

Nani aulize, na saa ngapi

Hili watu hulipuuza, nami naliona ni la msingi. Baba na mwanawe wana mipaka. Baba hapendi kumweleza mwanawe siku aliyopewa onyo la maandishi au usiku aliolia. Babu na mjukuu wana utani wao, na ndani ya utani mambo mazito hupita kwa urahisi. Ukiwa wewe ni mtoto wake, mtume mwanao aulize, nawe kaa pembeni ukimenya machungwa, usidakie. Ukiwa mkwe, usijitie mbele. Ngoja uulizwe au uwe na mjukuu kando yako. Mpwa kwa mjomba wake hana shida, mjomba hupenda kujionyesha.

Amkia kama ilivyo ada, shikamoo iitikiwe, habari za afya ziishe, chai ifike. Baada ya alasiri ni wakati mzuri, kabla giza halijaingia. Saa mbili usiku ni ya taarifa ya habari, usiiguse. Mchana wa Ramadhani usimchoshe koo. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana au kwenye injini huenda sikio moja limeharibiwa na makelele, kwa hiyo kaa upande wa sikio zima, umtazame usoni, na zima feni na redio. Saa moja inatosha. Simama akiwa bado ana hamu, ili kesho awe yeye anayekuita.

Anza na zamu moja

Mchukulie zamu moja ya kawaida, hatua kwa hatua, kana kwamba kesho wewe ndiye utakayeiingia. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Babu, leo nifundishe. Umeitwa zamu ya saa tisa usiku, umefika shedi. Unaanza na nini?

— Unaanza na kujiandikisha. Usipojiandikisha hujafika.

— Ukishajiandikisha?

— Unasoma matangazo ya njia. Wapi upunguze mwendo, wapi daraja linatengenezwa, wapi pana genge. Unatia saini kwamba umesoma. Likitokea la kutokea, saini yako ipo.

— Halafu unapanda kwenye injini.

— Unapandaje hujaizunguka? Unaizunguka kwanza, mjukuu wangu. Taa mkononi. Unagusa beringi, unatazama kama kuna kitu kimelegea. Ndipo unapanda.

Angalia pale aliposema "unapandaje hujaizunguka." Hapo ndipo ualimu ulipoanza. Mwanafunzi alikisia, mzee akamsahihisha, na katika kumsahihisha akatoa jambo ambalo kwake ni la kawaida mno, asingelitaja mwenyewe. Kwa hiyo kisia kwa sauti. Usiogope kukosea mbele yake, mradi umekisia kwa dhati. Wazee wa kazi za mikono hawavumilii jambo la kazi likiachwa limesemwa vibaya.

Swali la namna ya kufanya jambo ni bora kuliko swali la jinsi alivyojisikia. "Ulijisikiaje kuendesha treni mara ya kwanza?" litakupa "nilifurahi." "Uliijuaje treni nzito kabla hujaanza kuivuta?" litakupa robo saa.

Jifunze kidogo kuhusu mvuke

Ukitaka maswali yenye uzito, elewa boila kiasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona tofauti kubwa kati ya mjukuu anayejua jambo hili na asiyejua.

Injini ya mvuke ina tanuri ndani ya boila, na juu ya tanuri lazima maji yawepo muda wote. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, chuma kinabaki na moto upande mmoja bila maji ya kukipoza upande wa pili. Kinalegea, na boila inaweza kupasuka ikaua. Kwa sababu hiyo kuna kioo cha kupimia maji mbele ya macho ya dereva na mchochea moto, na kwenye paa la tanuri kuna plagi yenye madini laini yanayoyeyuka joto likizidi, ili mvuke umwagike motoni na kuwaonya. Mchochea moto alikuwa akichunga vitu viwili vinavyovutana: moto unaotosha kupata mvuke, na maji yanayotosha kuuzuia moto usimuue.

Sasa fikiria mlima. Treni inapopanda, maji ndani ya boila huegemea nyuma, kwenye tanuri, na kioo kinaonyesha maji mengi kuliko yalivyo. Ikivuka kilele na kuanza kushuka, maji yanakimbilia mbele na paa la tanuri linaweza kubaki tupu kwa ghafla. Muulize mzee: "Mlipovuka kilele, kioo kilisema nini, na mlikuwa mmejiandaaje?" Ni swali la mtu anayejua. Nimeona nyuso zikibadilika kwa swali hilo.

Kama alifanya kazi njia ya Mombasa hadi Nairobi katika miaka ya 1960 au 1970, muulize kuhusu injini za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer, Peacock and Company ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizopata kutengenezwa duniani kwa reli ya upana wa mita moja. Kila moja ilikuwa na tani takriban 250, ikichoma mafuta mazito, na boila yake ilibebwa katikati ya mafungu mawili ya magurudumu, mbele na nyuma, ili dude refu namna ile liweze kujipinda konani na uzito wake usambae juu ya reli nyepesi. Ziliweza kuvuta tani 1,200 kutoka pwani kupanda bara. Wakubwa wameandika mengi juu ya mitambo hii, uzito wake na vipimo vyake. Namna mchochea moto alivyosimama, alivyosikiliza na alivyonusa, imebaki kwa wachache walio hai.

Kisha ilikuja dizeli. Usiipite haraka, maana kwa wengi hapo ndipo kazi ilipogeuka. Mchochea moto hakuwa na moto tena. Wengine walirudishwa darasani, Tabora au Nairobi, wakiwa watu wazima wenye watoto, kusoma umeme na pampu. Muulize ni nani waliobadilika na nani walishindwa. Muulize dizeli ikizimika katikati ya pori aliijuaje shida iko wapi. Mabehewa ya upande wao yalifungwa breki kwa hewa iliyoshindiliwa au kwa vakyumu? Watu waliohama kati ya mifumo hiyo miwili wana hadithi.

Mikono inakumbuka kuliko ulimi

Mpe karatasi na penseli. Mwombe akuchoree shedi au yadi ya stesheni aliyoijua zaidi: njia za kupanga mabehewa zilikuwa ngapi, tangi la maji lilikaa wapi, ofisi ya msimamizi, mti waliokaa chini yake kungoja zamu. Usijali uzuri wa mchoro. Akiwa anachora atakutajia watu mmoja mmoja kwa mahali walipokaa. Kwa kupanga mabehewa, mpe kete za bao au visoda vya chupa, mwambie akuonyeshe jinsi ya kutoa behewa la tatu na kuliweka mwisho bila kuvuruga mengine. Utastaajabu. Mzee ambaye jana alisahau jina la jirani yake anaweza kupanga mabehewa kumi na mawili bila kukosea.

Tarehe usimng'ang'anie. Akisema "siku zile," msaidie kwa tukio: ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha? Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa? Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza? Ulikuwa umeshaoa? Azimio ni la 1967, mpaka ulifungwa 1977 na kufunguliwa tena 1983, vita vilianza 1978. Ukiwa na nguzo hizo utaipata miaka mwenyewe baadaye, nyumbani kwako, bila kumtesa.

Yanayouma

Kazi ndefu haikosi vidonda, na kuna vitatu vinne ambavyo karibu kila mtu wa reli wa umri ule anavyo.

Cha kwanza ni rangi. Katika reli ya kikoloni vyeo na mishahara viligawanywa kwa asili ya mtu. Mzungu juu, Mwasia katikati kama dereva, fundi au stesheni masta, Mwafrika chini. Kupandishwa kwa Waafrika kulishika kasi uhuru ulipokaribia na baada yake. Mzee wako huenda alimfundisha kazi mtu aliyekuja kuwa bosi wake, au alifundishwa na Singasinga aliyemficha nusu ya ujuzi, au na mwingine aliyempa wote. Uliza, "Nani alikufundisha kweli kweli?" Swali hilo linatosha. Usimtwishe hasira zako za leo. Mwache aseme zake.

Cha pili ni 1977. Kwetu ni tarehe ya mtihani wa historia. Kwa wafanyakazi wa Jumuiya ilikuwa ni kuhama. Mtanzania aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alirudi na virago, Mkenya aliyekuwa Tanga naye hivyo, na mpaka ukafungwa nyuma yao. Urafiki wa kazini wa miaka kumi ulikatwa. Mwulize aliachana na nani.

Cha tatu ni mafao, na hapa nenda taratibu sana. Mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ulikuja kutiwa saini mwaka 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Hata hivyo, nchini Tanzania wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kudai haki zao mahakamani na barabarani hadi miaka ya 2000, na wengi walizikwa wakidai. Kama mzee wako alikuwa miongoni mwao, jambo hili likianza linaweza kumeza mazungumzo yote. Usimkatize. Msikilize mpaka mwisho, uandike namba za faili kama anazo, umwambie wazi kwamba umeelewa. Kikao hicho ni cha mafao. Kikao kijacho ndicho cha boila. Kumrudisha kwenye spana wakati anazungumzia haki yake ni kumkosea adabu.

Na kuna ajali. Kila mtu wa reli amemwona mtu amekufa. Swali la ajali usilianzishe wewe. Likija lenyewe, zima kinasa sauti, au muulize kama anataka kiendelee. Akisema "hili usiliandike," usiliandike.

Usimsahau bibi

Nyumba za kota za reli zilikuwa na maisha yake, na anayeyajua ni bibi. Yeye ndiye aliyesikia hodi ya mjumbe wa zamu usiku wa manane, aliyekuja kumwita dereva. Yeye ndiye aliyefunga chakula cha siku mbili bila kujua kama ni cha siku tatu. Alijua kutokana na mlio wa honi kwamba ni mumewe anayeingia. Alihama Tabora kwenda Kigoma kwenda Moshi na watoto wachanga na kuku. Kaa naye peke yake, mbali na babu, maana mbele yake atasema "mwulize mwenyewe." Na kama ni shangazi yako aliyekuwa mpokea simu, karani wa tiketi au muuguzi wa zahanati ya reli, basi yeye ni mtaalamu mwenye haki yake, mwendee kwa maswali yale yale ya kazi: zamu ilianzaje, bodi ya simu ilikuwa na laini ngapi, wateja wakigombana alifanyaje.

Mlete mwenzake

Kama kuna mstaafu mwingine wa reli mtaani, walete pamoja angalau mara moja. Wawili hao watabishana. Mmoja atasema injini ile ilianguka Saranda, mwingine atasema ilikuwa Itigi, na katika kubishana watatoa maelezo ambayo wewe usingejua hata kuyauliza. Kazi yako siku hiyo ni kujaza vikombe na kuhakikisha simu inarekodi. Wakianza kuzungumza kwa maneno ya kazi usiyoyaelewa, usiwasimamishe. Andika neno kama ulivyolisikia, uliza kesho.

Safari pia husaidia, mwili ukiruhusu. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana injini mbili za daraja la 59 zilizohifadhiwa. Mzee aliyewahi kuwa juu ya injini kama hizo atazigusa mahali ambapo mgeni hagusi. Kwa walio Tanzania, treni ya umeme ya SGR inayokwenda Morogoro na Dodoma tangu 2024 ni darasa jingine. Mpakie, mkae dirishani, muulize anachosikia chini ya miguu. Njia ya zamani, aliyoijua yeye, inaonekana mahali mahali kutoka dirishani.

Kuhifadhi

Simu yako inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege ili isipigiwe, iegemeze karibu na mdomo wake kuliko wako, mbali na jogoo na barabara. Kabla hajaanza, sema kwa sauti tarehe, mahali na jina lake, na umwombe ruhusa akiwa anasikika. Faili lipe jina lenye tarehe siku hiyo hiyo, kisha tuma nakala kwa ndugu wawili wanaokaa miji tofauti.

Omba kuona sanduku la makaratasi: kitambulisho cha kazi, vyeti vya mafunzo, barua za kupandishwa na za kuonywa, kitabu cha kanuni, ratiba za ndani za treni. Vipige picha mchana kivulini, kurasa zote, hata za nyuma. Picha za kikundi cha karakana ziandike majina kwa penseli upande wa nyuma yeye akiwa amekaa kando yako, kuanzia kushoto. Usiondoke na nakala halisi yoyote, hata akikuambia "chukua tu," mpaka familia imekubaliana.

Jambo moja la afya, kwa sababu linaweza kuokoa mtu. Boila za injini za mvuke zilivikwa asbesto kuzuia joto, na mafundi waliibandua kwa mikono bila barakoa. Madhara yake kwenye mapafu huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Kama mzee wako alikuwa fundi wa boila na sasa anakohoa au anakosa pumzi, mweleze daktari kazi aliyoifanya na kwa miaka mingapi. Daktari kijana hatalijua bila kuambiwa.

Kikao cha pili kianze kwa kumsikilizisha dakika chache za kile cha kwanza. Atajisahihisha, ataongeza, atasema "hapo nilikosea, ilikuwa ni Malongwe." Na kila mara, kabla hujaaga, mwachie swali moja la kulala nalo. Reli za zamani zilikuwa za njia moja, treni mbili zikikutana lazima zipishane stesheni. Mwambie: "Babu, kesho nataka unionyeshe kwa kete, treni mbili ndefu kuliko njia ya kupishana zinapitana vipi?"